Maziwa Yaliyokataa Kulala

Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, na ukiushika uliachiwa vipande vidogo vyeupe vya ngozi kwenye kiganja chako. Nilijifunza kumsalimia nikiwa nimebeba kitu. Ndoo, mtoto, makaa, chochote kile, mradi mikono yote miwili iwe na kazi. Naye alikuwa mtu wa kusalimia sana. Alikuwa tayari kuvuka ua mzima wa ploti, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono imesimama, ili tu akupe ule mkono, na kabla hajakufikia macho yako yalikuwa yameshaanza kuwasha. Harufu yake haikuwa ya jasho wala ya uchafu. Ilikuwa harufu kali, safi, inayopanda puani kama sindano na kukaa huko. Watoto walimkimbia huku wakicheka na kutokwa machozi.

Tulimwita Teknisheni. Alikuwa amefanya kazi katika maabara ya shule moja ya sekondari kabla ya kupunguzwa kazini, wakati ule watu wengi walipokuwa wakipunguzwa, na hakupenda jina jingine. Ukimwita Baba Beti, kwa jina la binti yake, alikujibu kwa upole kwamba akina baba ni wengi lakini teknisheni ni mmoja. Tulikaa naye ploti moja Kawangware 46, kwenye kituo cha matatu za namba hiyo, mlango wangu ukitazamana na wake, kwa miaka mingi ya tisini. Najua alivyokohoa, najua aliimba wimbo gani wa kanisa akinyoa ndevu. Sijawahi kumjua mtu mwingine kwa karibu namna ile nikamchukia kabisa namna ile. Hata leo nikipita kwenye karakana ya seremala nikanusa gundi mpya, navuka barabara.

Alikuwa msafi kuliko sisi sote, na hilo lazima niliseme. Choo cha ploti, ambacho kila mpangaji alidai ni zamu ya mwenzake, alikiosha yeye kila Jumamosi, suruali ameikunja hadi magotini. Alimwaga humo dawa yake, na mchana kutwa hakuna aliyeweza kuchutama bila kulia. Kisha alipita akikagua ndoo zetu.

"Mama Awuor, hii ndoo yako iko na utelezi ndani. Vidudu havina likizo."

Hiyo ya vidudu na likizo alipenda kuirudia. Lakini msafi huyohuyo alisuuzia mitungi yake ya kazi kwenye karai ambalo mkewe alifulia nepi. Na akikaa mezani alijikwangua magamba ya vidole kwa ukucha, akayakusanya kichungu kidogo ukingoni mwa meza, akayapuliza. Nimemwona akifanya hivyo watu wakila.

Chai aliinywa kavu, ya rangi, hata katika nyumba ambayo wenyeji wamejinyima ili wamtengenezee ya maziwa. Mkewe alisema ni vidonda vya tumbo. Watoto wao walikunywa maziwa ya pakiti kutoka dukani, zile pakiti za pembe tatu, na sisi wengine, tulionunua maziwa yanayoletwa kwa baiskeli, tulisema ni maringo tu ya watu waliowahi kupokea mshahara.

Alijua kufundisha, sitamnyima hilo pia. Krismasi moja stima zilipotea jioni, taa zikazimika, na watoto wakaanza kununa. Akatoka na glasi tupu ya chai, akatia humo spiriti kidogo, akachukua waya wa shaba alioukunja kama springi na kuuweka kwenye jiko langu mpaka ukawa mwekundu. Akauning'iniza juu ya ile glasi, bila kuigusa spiriti. Tulingoja upoe. Haukupoa. Ulififia, ukawaka tena, ukafifia, ukawaka, kama kitu kinachopumua, na hapakuwa na moto wowote.

"Nani anaupuliza?" mtoto mmoja akauliza.

"Hakuna anayepuliza," akasema Teknisheni, sauti imejaa raha. "Hii spiriti inaitwa methanoli. Mvuke wake ukigusa shaba ya moto pamoja na hewa, unageuka kuwa kitu kingine kabisa. Na kule kugeuka kunatoa joto. Joto linaiwasha shaba, shaba inageuza mvuke mwingine. Shaba ni kichocheo. Ni kama mshenga. Anakutanisha bwana na bibi, harusi inafanyika, yeye anarudi kwake vilevile alivyokuja. Hiyo ndiyo kazi naipenda mimi."

Palikuwa pazuri. Nyuso zote zimemulikwa na ule wekundu mdogo, na mimi nimempakata Awuor wangu, ambaye alikuwa bado mchanga. Kisha ile harufu ikatufikia. Watoto wakaanza kupikicha macho na kukohoa, mkewe akafungua lango, na Krismasi ikaishia hapo. Yeye alibaki peke yake na glasi yake, akitazama waya ukiwaka, akitabasamu.

Alichukia pombe kwa sababu ya mdogo wake. Kisa hicho alikieleza kanisani zaidi ya mara moja. Huyo mdogo wake alikunywa chang'aa Kibera, katika nyumba ambayo walikuwa wameichanganya na spiriti hiyohiyo ya viwandani, na kesho yake saa sita mchana akaamka akauliza kwa nini hawajawasha taa. Alizikwa muda mfupi baadaye. Tangu hapo Teknisheni alijipa kazi. Mapipa ya methanoli yalikuwa yakitoka Industrial Area kwa njia za panya na kufika kwa wapikaji. Yeye akaanza kuyawahi. Alikodi chumba Silanga, kule Kibera karibu na bwawa, akayapitisha kwenye shaba yake na kuyafanya formalini.

"Kila tone ninalopitisha kwenye shaba," alisema mbele ya kanisa, "ni jicho la mtu limepona."

Akina mama walilia. Mimi nililia. Jirani yetu mlinzi, mtu mchangamfu aliyefanya kazi usiku na kunywa mchana, alikuwa akihubiriwa na Teknisheni karibu kila siku uani.

"Soja, utakufa kama ndugu yangu."

"Mimi nakunywa kwa mama ninayemjua, Teknisheni. Tena mtu wa kanisa."

"Macho yako hayajui mtu wa kanisa."

Mlinzi alicheka, akaenda kulala. Teknisheni alibaki akitikisa kichwa, na ungemwona ungeapa kwamba yule mtu anampenda jirani yake kwa dhati. Nadhani alimpenda. Hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Formalini yake iliuzwa kwa watengeneza gundi, kwa wafuga kuku waulie vidudu, na kwa watu wa chumba cha maiti. Mjomba wangu alipofariki, ndugu zake walibishana muda mrefu kuhusu azikwe wapi, upande wa ziwa au hapahapa Nairobi, na jua lilikuwa kali. Teknisheni alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Alijuana na wahudumu kule mochwari. Aliniruhusu niingie kwa sababu hapakuwa na jamaa mwingine aliyekuwa tayari. Alivaa aproni, akanawa, akamzungumzia maiti kama mgonjwa. "Pole mzee, nainua mkono. Pole, nimemaliza." Hakutaka hata asante. Mjomba alifika nyumbani mzima, uso wake umetulia, na mama yangu alimgusa shavu akasema anafanana na mtu aliyepumzika. Mimi sikumgusa. Ile harufu ilikuwa imeniingia kwenye nywele na kwenye leso, na siku ya maziko nilishindwa kula. Lakini moyoni nilimshukuru yule mtu. Niliporudi Kawangware nilimpikia samaki.

Sasa nifike kwenye maziwa.

Mimi nilikuwa nauza mala, yaani maziwa lala, Kawangware 56, karibu na maduka ya hadwea, yale ya vifaa vya ujenzi, kwenye meza iliyofunikwa nailoni. Kazi yenyewe ni rahisi. Unanunua maziwa mabichi, unayachemsha, unayapoza, unatia mala kidogo ya zamani, unafunika ndoo na kuyaacha yalale. Yakilala vizuri yanaganda, yanakuwa mazito, yenye uchachu mzuri. Maziwa yangu yaliletwa na Kimani, kijana mwenye baiskeli aliyetoka upande wa Dagoretti na mikebe miwili ya bati nyuma. Wateja walinijua. Mafundi walikula mala yangu na mkate mchana na kusema inashinda nyama.

Kisha maziwa yakaanza kukataa. Nilifunua ndoo asubuhi nikakuta majimaji, meupe, yametulia kama nilivyoyaacha. Nikafunika tena. Kesho yake, vilevile. Hayakuganda wala hayakuoza. Ungeyaacha mezani juani yangebaki hivyohivyo, yakikutazama.

"Mama Awuor, leo mala iko?" fundi mmoja aliniuliza.

"Haijalala."

"Imekataa kulala? Iimbie!"

Walicheka wote. Nami nilicheka, lakini nilirudi nyumbani nikasugua ndoo kwa mchanga, nikazichemshia maji, nikanunua nyingine mpya. Nikaomba mala ya kutilia kutoka kwa mwanamke mwingine, nikidhani yangu imekufa. Wapi! Wateja wakahamia meza ya pili. Kulikuwa na walionong'ona kwamba nimefanyiwa kitu, na usiku mmoja mimi mwenyewe nilikaribia kuamini.

Nikamwendea Teknisheni. Nani mwingine? Aliijua kemia, na alikuwa amemshughulikia mjomba. Akaja nyumbani kwangu, akainama juu ya ndoo, akavuta hewa puani taratibu. Akavuta tena. Nakumbuka ile mara ya pili. Kisha akachovya kidole, akakipangusa kwenye kitambaa bila kukilamba.

"Ni sabuni," akasema. "Unaosha sana, halafu husuuzi. Suuza vizuri, Mama Awuor."

Nikasuuza. Wiki nzima nikasuuza mpaka mikono ikachubuka.

Wakati huohuo Awuor alianza kuugua. Alikuwa ameacha kunyonya, na yale maziwa ndiyo yalikuwa kiamsha kinywa chake. Alitapika. Alishika koo akilia. Ulimi ulikuwa mwekundu, na akiona kikombe tu alikigeuzia uso. Nilimlazimisha. Nilimshika kichwa nikammiminia, kwa kuwa mtoto aliyekonda anahitaji maziwa, ndivyo tulivyoambiwa kliniki, pamoja na kupewa dawa ya maji ya kunyamazisha tumbo. Jumapili Teknisheni alikuja na mkewe kumwombea. Alimwekea Awuor mkono juu ya tumbo. Ule mkono. Aliomba kwa muda mrefu, akimwita Mungu daktari mkuu, na mimi nilisema amina.

Siku iliyofuata niliona nzi. Kulikuwa na kikombe cha Awuor mezani, maziwa yamebaki chini. Nzi walikuja, wakatua ukingoni, wakanywa, wakaanza kuzunguka kama walevi, wakalala chali. Kikombe kilikuwa kimezungukwa na nzi waliokufa. Nilisimama nikiwatazama. Kisha nikaweka sufuria ya maziwa mapya kwenye jiko, karibu na uso wangu kuliko kawaida, nikangoja yachemke. Mvuke ulipopanda, macho yalianza kuwasha, na kitu kikanipanda puani kama sindano.

Nilimnusa mjomba. Niko nyumbani kwangu, mchana, na kwenye sufuria ya maziwa ya mtoto wangu namnusa mjomba wangu akiwa amelazwa kwenye meza ya mochwari.

Nilitapikia palepale jikoni.

Kimani nilimsubiri barabarani asubuhi. Nilishika usukani wa baiskeli yake kwa mikono yote miwili.

"Unatia nini kwa maziwa?"

"Mathe, punguza sauti, watu wanaskia."

"Wasikie. Unatia nini?"

"Ni dawa tu ya kufanya isiharibike. Natoka mbali na jua ni kali, na jioni nikibaki nayo nairudisha kesho. Kila mtu wa baiskeli anaweka. Kifuniko moja kwa mkebe, si mingi."

"Dawa ya nani?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ni ya huyo buda wa kwenu. Teknisheni. Si mnakaa na yeye? Mi nilidhani unajua."

Nilimfunga Awuor mgongoni, nikatia yale maziwa kwenye chupa, nikatembea kwenda Silanga. Nilivuka Ngong Road, nikapita Woodley, nikateremka Kibera nikiuliza kila mahali fundi wa formalini yuko wapi. Hapakuwa na haja ya kuuliza nilipokaribia bwawa. Hata wauza makaa upande ule walifunga leso puani.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kinubi, watu walimwita Hajati. Alikuwa ameketi mlangoni kwake juu ya mkeka akichambua mchele, akikohoa. Aliniona na mtoto mgongoni akanikaribisha kabla hata sijamsalimu.

"Pumzika mwanangu, umetoka jasho. Unamtafuta nani?"

"Fundi wa dawa, Hajati."

"Yupo ndani na moshi wake. Kuku zangu zote zimekwisha kwa sababu ya huyu mtu. Na juzi kaniuliza hizi bangili." Alinyoosha mkono, bangili nzito za fedha zikagongana. "Ati viwanda vikubwa vinatumia fedha, inafanya kazi kushinda shaba. Ati nimpe aziyeyushe, atanilipa polepole. Nimevishwa na marehemu mume wangu, nikamwambia! Hakuona haya hata kidogo."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na pipa, bomba la chuma lililolala juu ya makaa, na mpira uliopita ndani ya beseni la maji ya bwawa, kijani kibichi, yenye utando. Shingo za mitungi zilikuwa zimegandwa na kitu cheupe kama nta ya mshumaa. Chini, kona moja, palikuwa na rundo la shaba iliyokwisha kazi. Alikuwa amesema mshenga anarudi kwake vilevile alivyokuja. Ile shaba ilikuwa nyeusi, imekakamaa, imevunjikavunjika kama mandazi yaliyoungua.

Teknisheni aliniona, akanyoosha mkono kunisalimia.

"Sasa Mama Awuor! Umefikaje huku?"

"Umemuuzia Kimani dawa ya maiti atie kwenye maziwa."

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukanaji. Alivuta kiti, akakipangusa, akanipa nikae, na nilipokataa akakaa yeye.

"Hebu tufikirie pamoja," akasema, kwa ile sauti ya Krismasi. "Maziwa yanatoka Dagoretti juani. Hakuna friji. Yakifika yameharibika, watoto wanaendesha tumbo, wanakufa. Wewe umeona watoto wakifa kwa kuendesha. Mimi nawapa kifuniko kimoja tu. Vidudu havina likizo."

"Awuor anatapika."

"Kipimo wanazidisha. Nimewaambia wasizidishe."

"Ulikuja nyumbani kwangu ukanusa. Ukaniambia ni sabuni."

Hapo alitazama mikono yake. "Ningesema nini? Ungeenda kupiga kelele sokoni. Mimi nina mapipa ya kununua. Nisipoyanunua mimi, unajua nani atanunua."

"Watoto wako wanakunywa ya pakiti."

Akajikwangua gamba la kidole kwa ukucha. Nje Hajati alikuwa ameacha kuchambua mchele.

"Kila mzazi," akasema Teknisheni, "anafanya kile anachoweza."

Nimesikia matusi mengi maishani, uani, sokoni, hata kitandani. Sijawahi kusikia neno lililonichafua kama hilo. Nilihisi nimeguswa na kitu chenye utelezi. Awuor aliamka mgongoni akaanza kulia kwa ajili ya ule moshi, na kabla sijajibu Hajati alikuwa amesimama mlangoni, ungo bado mkononi.

"Umesema maziwa? Haya ya baiskeli? Haya ninayowapa wajukuu wangu?"

"Mama, nielewe..."

"Mimi si mama yako. Toa vitu vyako ndani ya nyumba yangu."

"Hajati, nimelipa mpaka mwisho wa mwezi."

"Toa vitu vyako! Leo, kabla jua halijatua."

Tulipeleka ile chupa kwa chifu, mimi na wanawake wengine wa soko. Bwana afya alikuja, akainusa, akakohoa, akaenda nayo, na hatukumwona tena wala yeye wala chupa. Kimani alihama njia. Wazee wa kanisa walituita, mimi na Teknisheni, wakatuketisha. Nilieleza. Naye akasimama akaeleza habari za mdogo wake, saa sita mchana, taa ambazo hazikuwashwa, na akalia machozi ambayo hayakuwa ya formalini. Wazee wakalia. Wakasema shetani anapenda kugombanisha majirani, wakatutaka tupeane mikono. Nilikuwa nimembeba Awuor. Nilisema mtoto ni mzito, siwezi kumshusha.

Awuor alipona polepole kwa uji na viazi. Mala yangu ikaanza kulala tena, nilipopata mwanamke mwenye ng'ombe wake karibu na kwetu. Ningeweza kumalizia hapo, kama si yale mapipa.

Wiki chache baada ya Hajati kumfukuza, mke wa mlinzi alipiga mayowe uani. Mumewe ameamka haoni. Nilikimbia. Mlinzi alikuwa ameketi kitandani, macho wazi kabisa, akipapasa blanketi na kuuliza nani amesimama mlangoni. Hakuwa peke yake. Mtaani kulikuwa na wengine, na wengine hawakuamka. Yule mama wa chang'aa aliyemjua, mtu wa kanisa, alikuwa ametoroka. Mvuta mkokoteni aliyenisaidia kubeba ndoo alinieleza mwenyewe kwamba alikuwa amembebea yule mama mapipa, na mahali alipoyachukua ni Silanga, kando ya bwawa, na aliyempakilia alikuwa na shati jeupe.

Aliyemshika mlinzi mkono kumpeleka hospitali alikuwa Teknisheni. Alimwongoza polepole akimwambia hapa kuna mtaro, hapa inua mguu. Aliendesha maombi. Mke wa mlinzi alimbusu mikono. Nilingoja mpaka watu wakatawanyika, nikamfuata penye bomba la maji.

"Yale mapipa yalienda wapi?"

Alikuwa ananawa. Hakugeuka.

"Mlitaka nitoe vitu," akasema. "Nikavitoa."

"Kwa mpika chang'aa. Wewe. Na ndugu yako?"

"Nina watoto, Mama Awuor." Akafunga bomba, akajipangusa kidole kimoja kimoja. "Mimi sikumnywesha mtu. Mimi niliuza spiriti."

Nilimwambia mke wa mlinzi ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nisimwambie mumewe. "Huyo ndiye mtu pekee anayekuja kumtoa nje aote jua," akasema. "Nikimfukuza, nani atakuja?" Basi kila asubuhi nilifungua mlango wangu nikaona mlinzi kwenye kiti, uso ameuelekeza juani, na Teknisheni kando yake akimsomea gazeti la jana kwa sauti yake nzuri ya darasani. Mlinzi alimwita "ndugu yangu." Nilihama ploti hiyo kabla mwaka haujaisha. Watu walidhani nimepata nyumba nzuri zaidi. Nilikuwa nimepata mbaya zaidi, yenye paa linalovuja, na nililala vizuri.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na zamu ya kutembelea wagonjwa, na zamu yangu ilipofika nilipewa nyumba moja Kibera, upande wa Makina, bila kuambiwa ni ya nani. Mlango ulifunguliwa na msichana mrefu. Nilimtambua kwa paji la uso. Ni Beti.

Teknisheni alikuwa amelala kwenye kochi, kichwa kimeinuliwa kwa mito. Ugonjwa ulikuwa umemkalia puani na kooni. Upande mmoja wa shingo ulikuwa umevimba, na pumzi ilitoka mdomoni kwa sauti ya maji. Beti alitueleza kwamba hasikii harufu tena, hata mkaa ukiungua. Mama yake alikuwa amekwenda kutafuta dawa. Wenzangu waliimba ubeti mmoja, wakaomba. Mimi nilikuwa nimebeba chupa ya uji.

Alinitazama kwa muda mrefu akanijua. Beti alimimina uji kwenye kikombe, akamsogezea, naye akafunika kikombe kwa kiganja.

"Nani ameupika?" Sauti yake nzuri ilikuwa imekwisha. Ilibidi niiname kumsikia.

"Mimi."

"Umetia nini ndani?"

"Unga wa wimbi. Maji. Sukari kidogo."

Alifikiri. Akasukuma kikombe kuelekea kwangu, pembeni kabisa mwa meza.

"Wewe kwanza."

"Baba," Beti akasema kwa aibu. Wenzangu waliangalia sakafu. Nilitaka kuumwaga ule uji miguuni pake. Nilichukua kikombe nikanywa.

"Tena," akasema.

Nikanywa tena. Alitazama koo langu mpaka nikameza, akangoja kidogo huku akinichunguza uso, kisha akakichukua kwa mikono miwili akanywa kama mtu aliyekuwa na njaa ya siku nyingi. Uji ulimtiririka kidevuni, Beti akampangusa. Akakiweka chini kikiwa kitupu.

Beti aliniuliza kama umebaki mwingine. Nikamimina kutoka kwenye chupa ileile. Kabla ya kukigusa kikombe, Teknisheni akanisukumia nionje na hicho pia.